Sura ya Saba: Bei ya Bure

Desemba 2007 sentensi moja ilifutwa kwenye rasimu ya HTML5, lugha inayotumika kuandikia kurasa za tovuti, na kufutwa kwake kukazua ugomvi uliodumu miaka kumi. Sentensi ilikuwa fupi. Ilivishauri vivinjari vyote vya intaneti viweze kuonyesha video za Theora na kupiga sauti za Vorbis, fomati mbili ambazo mtu yeyote angeweza kuzitumia bila kulipa wala kuomba ruhusa. Mhariri wa rasimu, Ian Hickson, hakuifuta kwa kuichukia Theora. Aliifuta kwa sababu Apple na Nokia zilikuwa zimeweka wazi kwamba haziitaki, na kiwango ambacho wakubwa wametangaza kutokifuata ni karatasi tu. Nokia ilifika mbali zaidi ikaiita Ogg, familia ya fomati ambamo Theora na Vorbis zimo, teknolojia ya mtu binafsi isiyofaa kuwa kiwango cha dunia. Walioitunga kwa kujitolea walipolisoma hilo, wengine walicheka, wengine walikasirika.

Siku hizo video ya kwenye tovuti ilikuwa mikononi mwa Flash, programu ya Adobe ambayo mtumiaji alilazimika kuiongeza kwenye kivinjari chake. Mapema mwaka huo huo wa 2007, Håkon Wium Lie wa kampuni ya Opera ya Norway alipendekeza video iwe na tagi yake ndani ya HTML, kama ilivyo kwa picha. Karibu kila mtu aliafiki. Ubishi ulianzia kwenye kitakachowekwa ndani ya tagi hiyo. Picha ya JPEG au PNG hufunguka kila mahali. Je, video iandikwe kwa kodeki ipi?

Kodeki ni kanuni zinazokwenda jozi: upande mmoja unabana video, upande wa pili unaifungua. Bila hiyo, hakuna video mtandaoni, na hesabu yake ni rahisi kuifuata. Fremu moja ya video ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikipewa baiti 3 za rangi, fremu hiyo inabeba megabaiti 6 na ushee. Kwa fremu 25 za kila sekunde, tunafika megabaiti 155 kwa sekunde moja. Bando la GB 1 lingekata kabla ya sekunde ya saba. Lakini YouTube inakuonyesha picha ya ukubwa huo huo kwa chini ya megabaiti moja kwa sekunde, na mara nyingi huoni kilichopungua.

Kilichopungua ni kingi mno. Kwanza kodeki inatumia udhaifu wa jicho la binadamu, ambalo huona tofauti za mwanga na kivuli kwa ukali kuliko tofauti za rangi. Basi mwanga huhifadhiwa pikseli kwa pikseli, na rangi huhifadhiwa kwa makundi ya pikseli nne nne. Hatua hiyo peke yake huondoa nusu ya data. Kisha inatumia ukweli kwamba fremu hufanana na iliyotangulia. Mtangazaji wa taarifa ya habari hutikisa midomo, macho na pengine mkono, na ukuta ulio nyuma yake haujasogea tangu salamu. Hakuna haja ya kuutuma ukuta huo mara 25 kila sekunde. Kodeki hugawa picha katika vipande, na kwa kila kipande huandika agizo: chukua kilichokuwa pale, kisogeze hapa, ongeza tofauti hii ndogo. Ndiyo maana mtandao ukilegea mtangazaji anavumilika, ilhali mechi ya mpira inageuka uji. Majani ya uwanja, mvua, washangiliaji elfu kadhaa na kamera inayokimbizana na mpira haviachi vipande viwili vinavyofanana.

Hatua inayofuata ni ya hisabati, nayo ina historia inayostahili kukumbukwa katika sura hii. Tofauti zile ndogo hugeuzwa kuwa mawimbi, yaani jumla ya mabadiliko ya polepole na mabadiliko ya haraka, ili yale ya haraka ambayo jicho haliyajali yapunguzwe au yatupwe kabisa. Kanuni ya kufanya hivyo ilichapishwa Januari 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi aliyezaliwa Bangalore, India, na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Kabla ya hapo Ahmed aliomba fedha za utafiti kwa taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani, akanyimwa. Makala ilitoka katika jarida la kitaaluma, ikasomwa na yeyote aliyetaka, na kanuni hiyo pamoja na jamaa zake imo ndani ya JPEG, H.264, Theora na AV1. Msingi wa kazi yote ulitolewa bure. Ankara zilikuja kwa yaliyojengwa juu yake.

Ankara hizo zinaitwa mirabaha, na kinachozipa nguvu ni hataza. Watu wengi, hata waandishi wa programu, huchanganya hataza na hakimiliki. Hakimiliki inalinda maandishi: ukiandika programu yako mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza, bila kuiba hata herufi, umesalimika. Hataza inalinda mbinu. Unaweza kujifungia chumbani, ukagundua njia ya kukisia mwendo wa kipande cha picha kwa akili yako tupu, na bado ukadaiwa na mtu aliyeisajili njia hiyo kabla yako. Kwa kawaida haki hiyo hudumu miaka 20. Kodeki moja ina mamia ya mbinu ndogondogo, na kila moja inaweza kuwa na mwenyewe.

H.264, kodeki iliyotawala dunia, ilikamilika mwaka 2003 kwa kazi ya pamoja ya shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, na mashirika ya viwango ISO na IEC. Ilikuwa kazi safi ya uhandisi, hilo halina ubishi. Ili watengenezaji wa vifaa wasibishe hodi kwa kila mwenye hataza, kampuni ya MPEG LA ya Marekani ilizikusanya hataza nyingi katika fungu moja, ikauza leseni moja. Vifaa 100,000 vya kwanza kwa mwaka havikulipiwa. Vilivyofuata vilitozwa senti 20 za dola kila kimoja, kisha senti 10 baada ya kupita milioni 5, na jumla ilikuwa na kikomo kwa kila kampuni kwa mwaka. Kwa Apple au Sony kikomo hicho ni fedha ya chai. Kwa Mozilla, taasisi isiyo ya kibiashara inayotengeneza Firefox, kilikuwa kama dola milioni 5 kwa mwaka kufikia 2010.

Fedha haikuwa shida kubwa kuliko zote. Firefox ni programu huria, maana yake yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuisambaza upya. Leseni ya MPEG LA ingeilinda Mozilla yenyewe, isingemlinda mwanafunzi aliyeichukua Firefox, akaibadili, akaigawa kwa jina jingine. Uhuru ungeishia mlangoni mwa Mozilla. Kwa hiyo ilikataa kulipa, na toleo la Firefox 3.5 la Juni 2009 likatoka likijua Theora bila kujua H.264.

Waliotunga Theora walikuwa wamejifunza kwa maumivu ya wengine. Mwishoni mwa 1994 kampuni ya Unisys ilianza kudai malipo kwa programu zilizotumia GIF, fomati ya picha ambayo watu walikwisha kuitapakaza kila kona wakidhani ni ya wote. Hasira zilizofuata ndizo zilizoizaa PNG. Mwaka 1998 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani iliwaandikia barua watengenezaji wadogo wa programu za MP3 ikiwakumbusha mirabaha. Christopher Montgomery, ambaye wenzake humwita Monty, akazidisha kasi ya mradi wake wa sauti, na Vorbis ikatokea. Taasisi yake, Xiph.Org, haikuwa na uwezo wa kutunga kodeki ya video kutoka sifuri, lakini mwaka 2001 kampuni moja ndogo ya Marekani, On2, iliitoa kodeki yake ya zamani, VP3, na kuachilia madai yote ya hataza juu yake. Kutoka kwa VP3 ikajengwa Theora. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2008.

Hapo sina budi kuwa mkweli kuhusu Theora. Ilikuwa dhaifu. Ilitokana na kodeki ambayo On2 yenyewe ilikuwa imekwisha kuiacha nyuma, na kwa kiasi kile kile cha data H.264 ilionyesha picha bora waziwazi. Watetezi wake walifanya kazi kubwa ya kuiboresha, wakapunguza pengo, hawakuliziba. Apple ilikuwa na hoja nyingine iliyosikika kuwa ya kinafiki lakini haikuwa ya kipuuzi: nani amehakikisha hakuna hataza iliyojificha, ambayo mwenyewe anangojea Theora isambae ndipo ajitokeze mahakamani? Hakuna awezaye kuhakikisha hivyo kwa kodeki yoyote, hata H.264, kwani leseni ya fungu moja haimfungi asiye ndani ya fungu. Tofauti ni kwamba Apple ilikuwa tayari imebeba hatari ya H.264. Haikutaka hatari ya pili.

Mahali ambapo Theora iliheshimiwa bila masharti ni Wikimedia, taasisi inayoendesha Wikipedia. Wikipedia zote, ya Kiswahili ikiwamo, zinategemea ghala moja la picha na video linalokubali fomati huria peke yake. Mwaka 2014 taasisi hiyo iliwauliza wachangiaji wake kama iruhusu MP4 yenye H.264, kwa kuwa karibu kila simu na kamera hurekodi hivyo. Wengi walikataa. Matokeo yake ni kwamba mtu anayetaka kuweka Wikipedia video ya ngoma aliyoirekodi kwa simu yake hawezi kuiweka ilivyo. Lazima igeuzwe kwanza iwe fomati huria, na wengi hukata tamaa hapo. Msimamo una gharama, na mara nyingi gharama hiyo haimwangukii aliyeuchukua.

Google iliingia uwanjani kwa njia yake ya kawaida, yaani kwa kununua. Agosti 2009 ilitangaza kuinunua On2 kwa zaidi ya dola milioni 100, na biashara ikakamilika Februari 2010. Siku hizo hizo shirika la Free Software Foundation liliiandikia barua ya wazi likiitaka iachilie kodeki mpya ya On2. Tarehe 19 Mei 2010 Google ilifanya hivyo: kodeki ya VP8, pamoja na sauti ya Vorbis, zikafungashwa katika kasha moja lililoitwa WebM, bila malipo kwa yeyote. Leseni ilikuwa na kifungu cha kujihami: ukimshtaki mtu kwa hataza zako juu ya VP8, unapoteza haki ya kutumia zile za Google.

Kabla ya siku kwisha, mmoja wa watunzi wa x264, programu maarufu ya kubana H.264, alikuwa amechapisha uchambuzi mrefu wa VP8. Hitimisho lake lilichoma: VP8 inafanana mno na H.264 kiasi cha kutia shaka kama kweli haigusi hataza za watu. Februari 2011 MPEG LA ikawaalika hadharani wote wanaoamini wana hataza ndani ya VP8 wajitokeze. Fungu la pili likanukia. Halikuzaliwa. Machi 2013 Google ilimalizana na MPEG LA na wamiliki 11 wa hataza, ikapata leseni ya VP8 inayowafaa na watumiaji wake wote. Nokia ilibaki nje ya maelewano hayo ikaishtaki kampuni ya simu ya HTC huko Mannheim, Ujerumani, kwa ajili ya VP8. Mahakama ikaamua Agosti 2013 kwamba hataza iliyotajwa haikukiukwa.

Soma tena mpangilio wa mambo hayo. VP8 ilikuwa ya bure kwa mtumiaji kwa sababu kampuni yenye mifuko mirefu iliinunua, ikaiachilia, ikaketi kwenye meza ya mazungumzo, kisha ikagharimia utulivu. Sisemi hivyo kuibeza. Nasema kwa kuwa mjadala mwingi kuhusu fomati huria huendeshwa kana kwamba uhuru wake ulitokana na nia njema peke yake, na historia inaonyesha wazi kwamba nia njema bila mfuko ilizaa Theora.

Wakati huo H.264 haikulala. Agosti 2010 MPEG LA ilitangaza kwamba video za bure za intaneti zilizobanwa kwa H.264 hazitatozwa mrabaha milele. Google nayo ilitangaza Januari 2011 kwamba Chrome itaacha kuonyesha H.264, ikaishia kutangaza. Mozilla iliyokuwa imejiandaa kwa pambano ilijikuta peke yake mbele ya msafara, na mwaka 2012 ikasalimu amri: Firefox ikaanza kutumia H.264 iliyokuwa tayari ndani ya simu na kompyuta, ambayo mrabaha wake ulikwisha kulipwa na mtengenezaji wa kifaa. Oktoba 2013 likaja tukio la ajabu kidogo. Cisco ilijitolea kuandaa programu ya H.264, kuigawa bure kwa yeyote, na kulipa yenyewe mrabaha wa wote. Iliweza kwa sababu ya kile kikomo cha mwaka, ambacho kilikuwa kimefika dola milioni 6.5: ukishakifikia, mtumiaji wa milioni mia haongezi hata senti. Kanuni iliyotungwa kuwapendelea wakubwa ikatumiwa na mkubwa mmoja kuwapa nafuu wadogo. Hata hivyo ilibidi programu hiyo ipakuliwe kutoka kwa Cisco yenyewe. Ukiuchukua msimbo wake ukaujenga mwenyewe, ulinzi unaisha.

Kwenye simu za video ndani ya kivinjari, mabishano ya VP8 na H.264 yalikwenda miaka mpaka mkutano wa wahandisi wa intaneti wa IETF, Novemba 2014 huko Honolulu, ulipoamua kwamba vivinjari vyote vijue zote mbili. Uamuzi wa namna hiyo haumfurahishi yeyote, ndiyo maana ulipita.

Upande wa sauti haukuwa na vurugu hizo. Mwaka 2012 IETF ilipitisha Opus, kodeki ya sauti iliyotungwa na watu wa Xiph, Mozilla na Skype, huria na isiyotozwa, tena bora kuliko nyingi zilizotozwa. Ukirekodi ujumbe wa sauti WhatsApp, iwe Tandale au Bukavu, sauti yako inabanwa kwa Opus na kuwekwa ndani ya kasha la Ogg, lile lile ambalo Nokia ililikataa mwaka 2007. Monty hakuwahi kushinda kwenye video. Kwenye sauti alishinda, na mamilioni wanaobonyeza kile kipaza sauti cha kijani hawajawahi kulisikia jina lake.

Kilichoigeuza hali ya video hakikuwa ubora wa fomati huria. Kilikuwa tamaa ya upande wa pili. Mrithi wa H.264, HEVC, ilikamilika mwaka 2013, na kwa uhandisi ilikuwa hatua kubwa: picha ile ile kwa karibu nusu ya data. Mwaka 2014 MPEG LA ilitangaza masharti yake, senti 20 kwa kifaa na kikomo cha dola milioni 25. Baadhi ya wenye hataza wakaona hiyo ni kidogo. Machi 2015 wakaanzisha fungu lao, HEVC Advance, na katika masharti yao ya kwanza wakadai asilimia 0.5 ya mapato ya video zenyewe. Hebu fikiria maana yake kwa Netflix: mwenye hataza ya kubana picha anataka fungu katika kila ada ya kila mtazamaji. Makelele yalipozidi, Desemba mwaka huo walilegeza. Mwaka 2017 likaja fungu la tatu, Velos Media, na pembeni wakabaki wengine wasio katika fungu lolote, wakidai kila mmoja kivyake. Mtengenezaji aliyetaka kutumia HEVC hakuweza tena kujibu swali jepesi kuliko yote: nikilipa, nimemaliza?

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Tarehe 1 Septemba 2015 kampuni saba, Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix, zilitangaza umoja wa Alliance for Open Media ili kutengeneza kodeki moja isiyo na mrabaha. Kila upande ulileta ulichokuwa nacho. Google ilikuwa na VP9 ya mwaka 2013, ambayo YouTube ilikwisha kuitumia kwa wingi, na mrithi wake aliyekuwa bado jikoni, VP10. Cisco ilileta Thor, iliyotungwa na wahandisi waliokuwa wakichungulia hataza kila hatua. Mozilla na Xiph walileta Daala, mradi wa Monty na Timothy Terriberry uliojaribu njia tofauti kabisa na za kawaida ili kuzikwepa hataza kwa mbali. Njia hiyo kuu ya Daala haikuingia; iligongana mno na mbinu nyingine. Lakini kanuni yake ya kuhifadhi alama kwa biti chache iliingia, na kichujio chake cha kusafisha kingo za picha kikaunganishwa na cha Thor.

AV1 ilitangazwa rasmi tarehe 28 Machi 2018. Januari mwaka huo, bila tangazo lolote, jina la Apple lilionekana katika orodha ya wanachama. Kampuni iliyoikataa Theora mwaka 2007 ilikuwa imejiunga na warithi wake. Mwezi huo huo wa Januari 2018 Leonardo Chiariglione, Mwitaliano aliyeianzisha MPEG, kamati ya ISO na IEC ya viwango vya video, mwaka 1988 na kuiongoza kwa miongo mitatu, aliandika kwa uchungu kwamba mfumo wake umekwama: wenye hataza wameshindwa kuelewana, na fomati ya bure inakuja kuchukua nafasi. Alikuwa na hofu nyingine ambayo mashabiki wa AV1 huiruka haraka. Mrabaha ndio uliowalipa watafiti kwa miaka 30. Ukikatika, nani atawalipa? Jibu ambalo mambo yamelitoa ni kwamba wanalipwa na kampuni zinazouza matangazo na usajili wa filamu. Watafiti wa vyuo na kampuni ndogo zilizoishi kwa mirabaha wana haki ya kutolifurahia.

Nalo neno bure lina masharti yake hapa. Machi 2019 kampuni ya Sisvel, inayosimamia hataza, ilitangaza fungu lake la hataza ambazo wenyewe wanadai zimo ndani ya AV1, kwa bei ya euro 0.32 kwa kila kifaa chenye kioo na euro 0.11 kwa kisicho nacho. Umoja wa AV1 haukutetereka. Una leseni yenye kile kifungu cha kujihami na mfuko wa kuwatetea wanachama mahakamani. Lakini wanachama wameahidi kutodai hataza zao wao. Hawawezi kuahidi kwa niaba ya wasiokuwemo. Kuanzia Julai 2022 hata Tume ya Ulaya iliuchunguza umoja huo, ikihoji kama masharti yake ya kuachilia hataza bure yanawakandamiza wabunifu, ikaufunga uchunguzi Mei 2023.

Kikwazo kilichoichelewesha AV1 kuliko wanasheria kilikuwa mzigo wa hesabu. Vipande vya H.264 vilikuwa vya pikseli 16 kwa 16. Vya AV1 hufika 128 kwa 128 na hugawika kwa namna nyingi, na programu ya kubana hulazimika kuzijaribu namna hizo ili ipate iliyo nafuu. Majaribio ya Facebook ya mwaka 2018 yalionyesha AV1 ikiokoa zaidi ya asilimia 30 ya data kuliko VP9, lakini programu za kwanza za kuibana zilitambaa, saa nyingi kwa klipu fupi. Intel na Netflix zikaandika ya kasi zaidi, SVT-AV1. Upande wa kuifungua waliookoa jahazi ni VideoLAN, Wafaransa wa VLC, ambao Desemba 2018 walitoa dav1d, programu ndogo iliyoandikwa kwa uangalifu wa kinyozi, hata simu isiyo na chipu ya AV1 ikaweza kuonyesha picha bila kugandaganda.

Chipu ndiyo yenyewe, hasa kwetu. Video ikifunguliwa na chipu maalumu, betri haisikii. Ikifunguliwa kwa programu, simu inapata moto na chaji inashuka. Chipu ya kwanza ya simu yenye AV1, Dimensity 1000 ya MediaTek, ilitangazwa mwishoni mwa 2019. Apple iliiweka kwenye iPhone 15 Pro, Septemba 2023. Chipu za namna hii huanzia kwenye simu za bei kali na kushuka taratibu, kwa hiyo anayehitaji zaidi kuokoa MB, yule anayenunua bando la siku, ndiye anayezipata mwisho. Video inayotumia theluthi moja pungufu ya data ina faida kubwa kwake kuliko kwa mtu mwenye faiba ya nyumbani, lakini huduma nyingi humtumia bado H.264 kwa kuwa ndiyo simu yake inayoifungua bila shida. Watengenezaji wanaouza simu za bei ya chini Afrika Mashariki hawana mrabaha wa umoja ule wa kuwazuia kuweka AV1. Wanahitaji kuulizwa na wanunuzi na waagizaji, na hadi sasa swali linaloulizwa dukani ni la kamera na ukubwa wa betri.

Ukitaka kujua unaangukia wapi, fungua YouTube kwenye kompyuta, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video na uchague takwimu zake za kiufundi. Utaona herufi chache kwenye mstari wa kodeki. Zikiwa av01, unatazama AV1. Zikiwa vp09, ni VP9. Zikiwa avc1, hiyo ni H.264, na mrabaha wake, kama kifaa chako kilitengenezwa na kampuni kubwa, ulikwisha kuulipa wewe siku ulipokinunua.